Je, Saratani ya Utumbo Hufuata Nyumba ya Mama?

Maswali ya wasomaji, yanajibiwa na mtaalamu mstaafu wa maabara ya patholojia, Kisumu

SWALI

Mwalimu, pokea salamu kutoka Ahero. Baba yetu alioa wake wawili. Mama yangu, wa nyumba ya kwanza, alifariki mwaka jana kwa saratani ya utumbo mpana. Iligunduliwa akiwa na miaka 52. Kaka yake, yaani mjomba wangu, naye alikufa zamani kwa ugonjwa wa tumbo ambao haukupimwa sawasawa. Tangu matanga yaishe, maneno hayaishi. Ndugu zetu wa nyumba ya pili wanasema ugonjwa huu mama yetu alikuja nao alipoolewa, na umebaki kwetu. Sasa binamu yangu aliye chuoni amesoma kwamba saratani hii inahusiana na mabadiliko ya DNA ya mitokondria, na kwamba DNA hiyo mtu huirithi kwa mama peke yake. Wasemaji wamepata nguvu. Dada yangu mdogo ana mchumba, na upande wa pili umeanza kuulizauliza. Kaka yangu mwenye miaka 43 yeye hana wasiwasi juu ya watoto wake, kwa sababu mwanamume hapitishi DNA hiyo. Mimi nina miaka 36. Je, binamu anasema kweli?

Mtoto wa Nyumba ya Kwanza, Ahero

JIBU

Pole sana kwa kuondokewa na mama. Inaniuma kuona mwanamke aliyeteseka kitandani anashtakiwa akiwa kaburini, tena kwa kutumia sayansi. Binamu yako ameshika mambo mawili ya kweli, akayafunga pamoja yakazaa uongo. Na uongo huo unaweza kumdhuru hasa yule asiyeuogopa, kaka yako.

Kweli ya kwanza. Ndani ya seli, nje ya kiini, mna chembe ndogo ziitwazo mitokondria, ambazo hutumia oksijeni kuchoma chakula na kutoa nguvu. Zina DNA yao wenyewe, fupi, ya mviringo, yenye herufi 16,569 na jeni 37. Watafiti wa Cambridge waliisoma yote mwaka 1981. Ukiilinganisha na DNA ya kiini, yenye herufi zipatazo bilioni 3, ni kijisehemu tu, lakini seli moja huweza kubeba mamia au maelfu ya nakala zake. Mtoto huipata ndani ya yai la mama. Mitokondria za mbegu ya baba huharibiwa baada ya mimba kutungwa. Hapo binamu yuko sawa.

Kweli ya pili. Mwaka 1998 kikundi cha Bert Vogelstein katika chuo cha Johns Hopkins, Baltimore, kilisoma DNA yote ya mitokondria katika seli za saratani ya utumbo mpana zilizokuzwa maabarani. Kati ya aina 10 za seli, 7 zilikuwa na mabadiliko. Hapo pia yuko sawa. Lakini kuna jambo aliloliruka, nalo ndilo linalokuhusu wewe: mabadiliko hayo hayakuwa ya kuzaliwa. Nyama yenye afya ya wagonjwa hao haikuwa nayo. Yalikuwa ndani ya uvimbe peke yake.

Kwa hiyo DNA ya mitokondria uliyopewa na mama ni jambo moja, na mabadiliko yanayoonekana kwenye uvimbe ni jambo jingine kabisa. Mama alipokuzaa, mabadiliko hayo hayakuwamo katika yai lake. Yalitokea utumboni mwake ukubwani, na yamezikwa naye.

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimekata vipande vya nyama na kuvipaka rangi, basi niruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu kuna kazi moja ya maabara inayomaliza ubishi wa nyumba ya kwanza na nyumba ya pili. Ukuta wa ndani wa utumbo mpana una mamilioni ya vishimo vidogo sana. Chini ya kila kishimo mna seli shina chache. Hizo ndizo huzaa seli nyingine zote, ambazo hupanda juu, hufanya kazi siku chache, kisha hung'oka na kutoka na choo. Mwaka 2003 watafiti wa Newcastle, Uingereza, walichukua nyama ya utumbo isiyo na saratani, wakaigandisha kwa baridi kali, wakaikata vipande vyembamba na kuipaka rangi kwa hatua mbili. Rangi ya kwanza, ya kahawia, hushika pale tu ambapo kimeng'enya fulani cha mitokondria, yaani protini inayoendesha kazi ndani ya seli, kinafanya kazi, na kimeng'enya hicho hujengwa kwa sehemu na DNA ya mitokondria. Rangi ya pili, ya samawati, hufuata kimeng'enya kingine ambacho maagizo yake yote hutoka kwenye kiini. Kishimo chenye afya hutoka kahawia. Kishimo ambacho DNA yake ya mitokondria imeharibika hukosa kahawia, kikabaki samawati tupu kuanzia chini hadi juu, katikati ya wenzake. Upakaji huu hauwezekani kwa nyama iliyotiwa formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, maana formalini huua vimeng'enya, ndiyo sababu katika maabara zetu za kila siku huwezi kuuona. Mimi niliona picha zake, na sijapata kuona nyama ya binadamu ikieleza umri wake waziwazi namna ile.

Nasema umri kwa sababu vishimo vya samawati ni adimu kwa vijana, na huzidi kuongezeka mtu anapopita miaka 40 kuelekea uzeeni. Basi mabadiliko haya ni sehemu ya kuzeeka kwa utumbo wa kila mtu: wa mama yako, wangu mimi, wa mama yenu wa nyumba ya pili, na watoto wake wote wakijaliwa kufika umri huo.

Huanza vipi? Nakala moja hukosewa wakati wa kunakiliwa. Wewe wa Ahero utanielewa nikitaja sufuria ya nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, iliyojaa mahindi, ndani yake mna harage moja. Seli ikigawanyika, kila upande hupata upawa wake pasipo kuhesabiwa, kisha sufuria hujazwa tena kwa kufuata mchanganyiko uliotoka kwenye upawa huo. Mara nyingi harage hupotea. Mara chache, kwa bahati tu na kwa miaka mingi, sufuria nzima huwa maharagwe. Hakuna mtu aliyekosea, wala hakuna nyumba iliyolaaniwa.

Je, kishimo cha samawati ndicho kinachogeuka saratani? Wanasayansi bado wanabishana, na mimi nina upande wangu. Mjerumani Otto Warburg aliona katika miaka ya 1920 kwamba seli za uvimbe hula sukari nyingi na kuichachusha hata pale ambapo oksijeni ipo ya kutosha. Akaamini kwamba kuharibika kwa upumuaji wa seli ndicho chanzo cha saratani zote. Alichokiona kilikuwa cha kweli. Alichokiamini kilizidi kipimo, kwa sababu vivimbe vingi vina mitokondria zinazofanya kazi yake vizuri.

Utumbo mpana, hata hivyo, una habari yake. Mwaka 2020 ulitoka uchambuzi wa vivimbe zaidi ya 2,600 vya aina nyingi. Ulionyesha kwamba mabadiliko yanayovunja kabisa jeni za mitokondria yamekithiri katika saratani ya figo, ya tezi ya thairoidi na ya utumbo mpana kuliko kwingineko. Mwaka huohuo watafiti wa Newcastle walionyesha kwa panya kwamba utumbo wenye mitokondria zilizochakaa hukuza uvimbe haraka zaidi, kwa sababu seli hizo hubadilisha namna ya kujilisha na kujitengenezea kwa wingi kitu kiitwacho serini, ambacho seli inayoongezeka hukihitaji. Halafu mwaka 2021 watafiti wa Glasgow na New York wakatoa jambo ambalo wengi hawakulitarajia: wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana ambao uvimbe wao ulikuwa na mabadiliko ya DNA ya mitokondria walielekea kuishi muda mrefu kuliko wale ambao uvimbe wao haukuwa nayo.

Wako wanaosema matokeo hayo yanapingana. Sioni hivyo. Uvimbe kuota ni swali moja, na mtu kupona baada ya kutibiwa ni swali jingine. Ninavyoelewa mimi, mitokondria zilizobadilika hubadilisha tabia ya seli ambayo tayari ina kosa kubwa ndani ya kiini, mara kwa kuisukuma, mara kwa kuidhoofisha. Pasipo kosa hilo la kiini, kishimo cha samawati huishi na mwenyewe miaka yote bila kumdhuru.

Kosa la kiini ndilo swali lenu hasa. Katika saratani ya utumbo mpana jeni zinazoharibika mara nyingi ni APC, KRAS na TP53, na kwa wagonjwa wengi huharibika ukubwani, bila kurithiwa. Lakini takriban wagonjwa 3 kati ya 100 wana hali ya kurithi inayoitwa Lynch. Habari yake ilianza kwa fundi wa kushona nguo huko Michigan, Marekani, ambaye mwaka 1895 alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba atakufa kwa saratani kama watu wa kwao. Akafa kweli, kwa saratani ya mji wa mimba. Warthin alifuatilia ukoo wake, na baadaye daktari Henry Lynch akaiendeleza kazi hiyo. Nampenda yule mama kwa sababu aliwajua wafu wa kwao na magonjwa yaliyowaua, akayataja mbele ya daktari, kama wewe ulivyomtaja mjomba.

Jeni za Lynch ni MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2, na zote zimo ndani ya kiini. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mzazi mwenye nakala mbovu, awe mwanamume au mwanamke, humpa kila mtoto nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Sisemi mama yako alikuwa nayo. Nasema mgonjwa wa miaka 52, mwenye kaka aliyekufa kwa ugonjwa wa tumbo usiojulikana, anatosha kutufanya tuulize. Na kama alikuwa nayo, kaka yako anaweza kuwa nayo na kuwapa wanawe, wa kiume na wa kike sawasawa. Anajipa moyo kwa DNA isiyohusika.

Utaratibu wa madaktari kwa mtu ambaye mzazi wake, ndugu yake au mtoto wake alipata saratani hii ni kupimwa utumbo kwa kamera kuanzia miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao jamaa huyo aligunduliwa, hesabu yoyote itakayotangulia. Toa 10 kwenye 52 unapata 42, basi kwenu ni 40. Kaka yako muda wake umeshapita, aende sasa. Wewe umebakiza miaka michache, isipokuwa Lynch ithibitike. Hapo kamera huanza tangu miaka ya 20 na kurudiwa kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, na wanawake huangaliwa mji wa mimba pia.

Itathibitishwaje? Rudini hospitali ambako mama alifanyiwa upasuaji, mkiwa na namba ya ripoti yake ya patholojia. Nyama inayotolewa hutiwa formalini, kisha huzamishwa katika nta, na kibonge hicho cha nta huhifadhiwa miaka mingi. Ombeni kwa daktari kipakwe rangi za kuonyesha protini za zile jeni 4. Kipimo hiki, tofauti na kile cha Newcastle, hufanyika vizuri kabisa kwenye nyama ya formalini. Protini zote zikionekana, hofu inapungua sana. Moja ikikosekana, mtaelezwa vipimo vinavyofuata. Nimeona kabati zilizojaa vibonge ambavyo hakuna aliyewahi kuviulizia, huku familia nyumbani zikigombania ni nani aliyeleta ugonjwa.

Ndugu zako wa nyumba ya pili hawana damu ya mama yako, kwa hivyo ugonjwa wake hauwaongezei chochote. Wala hauwakingi. Saratani hii ni ya 3 kwa wingi duniani, watu zaidi ya milioni 1.9 waligunduliwa nayo mwaka 2022, na nchini Kenya imo katika 5 za mbele. Wengi wao hawakuwa na jamaa hata mmoja aliyewahi kuiugua. Mmoja wa nyumba ya pili akiona damu chooni kesho, asikae akifikiri hii ni ya wale wa kwanza.

Na dada yako asiwafiche wakwe. Aseme mama alikufa kwa saratani ya utumbo mpana, aseme familia inapima, na aseme kipimo kipi. Ukoo unaojua na kupima uko salama kuliko ukoo unaonyamaza, na mkwe mwenye busara ataliona hilo.

SWALI

Mwalimu, mimi ni mkulima hapa Njoro. Baba yangu mzee alikatwa uvimbe wa utumbo mpana na sasa anamalizia kemo, yaani dawa za kuua saratani. Kuna muuzaji Nakuru mjini mwenye vidonge vya "kufufua mitokondria". Anasema saratani ni mitokondria zilizolala tu, na zikiamshwa uvimbe hukauka. Bei ya dozi moja ni kama ya mbuzi. Tena anataka mzee aache ugali kabisa kwa sababu sukari hulisha saratani, na mzee amekonda. Ninunue?

Mwana wa Mzee, Njoro

JIBU

Usinunue. Baki na mbuzi wako, na kama mzee ana hamu ya supu, mchinjie.

Hoja ya muuzaji imejengwa juu ya kitu cha kweli. Mitokondria zinapochoma chakula huvujisha chembe kali za oksijeni ambazo huweza kuharibu DNA iliyo karibu nazo. Watu wakawaza: tukimeza vidonge vya kuzima chembe hizo, tutazuia saratani. Wazo likapimwa kwa watu wengi. Huko Finland wanaume wavutaji sigara waliopewa beta-karotini, kidonge kimojawapo cha namna hiyo, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wale wasiopewa. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1994. Mwaka 2004 watafiti wakakusanya majaribio ya vidonge vya namna hiyo kwa saratani za njia ya chakula, wakakuta havizuii. Na mgonjwa aliye katikati ya kemo ana sababu ya ziada ya kuviepuka: baadhi ya dawa zake huua seli za uvimbe kwa chembe kalikali zilezile ambazo vidonge hivyo vinadai kuzizima. Kila kitu anachomeza mzee, hata majani ya kuchemsha, mwambieni daktari wake.

Kuhusu ugali, mtu anayekonda wakati wa kemo anahitaji kula. Kumnyima wanga hakuui uvimbe, kunamuua nguvu mwenyewe.

Sasa nikupe jambo ambalo muuzaji hakukueleza, na ni la bure. Seli za ukuta wa utumbo mpana hazitegemei sana sukari ya damu. Zaidi ya nusu ya nguvu zao hutoka kwa butireti, asidi fupi ambayo bakteria wa utumboni huitengeneza wanapochachusha nyuzinyuzi za chakula. Butireti huchomwa ndani ya mitokondria. Seli ya saratani iliyozoea kuchachusha sukari haiichomi vizuri, basi butireti hurundikana ndani yake, huingia kwenye kiini na kuipunguzia mwendo wa kuongezeka. Hayo yameonekana maabarani. Hapa ndipo sayansi ya mitokondria inapokutana na sahani, na mimi naona ndiyo sehemu yenye faida kubwa kwa mtu wa kawaida.

Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, alishangazwa na uchache wa saratani hii miongoni mwa Waafrika wa vijijini, akaihusisha na vyakula vyao vyenye nyuzinyuzi. Mwaka 2015 zikachapishwa habari za jaribio la kubadilishana vyakula: Wamarekani Weusi 20 wa Pittsburgh wakala chakula cha kijijini Afrika Kusini, na Waafrika Kusini 20 wa vijijini wakala chakula cha Kimarekani chenye nyama na mafuta mengi na nyuzinyuzi haba. Muda wa wiki 2 tu ulitosha kubadilisha dalili za hatari kwenye ukuta wa utumbo, kwa wema upande mmoja na kwa ubaya upande wa pili. Walipokula chakula cha kijijini, butireti ilipanda.

Kwa hiyo mzee ale ugali, na ukiweza uchanganye wimbi au mtama. Ale githeri, kunde, managu, viazi vilivyochemshwa vikapoa, kwa maana wanga uliopoa baada ya kupikwa hufika utumbo mpana kwa wingi zaidi na bakteria huushughulikia kama nyuzinyuzi. Lakini muulize kwanza daktari wa upasuaji kama mshono umepona vizuri, na muanze kidogokidogo, kwa sababu utumbo uliokatwa karibuni huweza kuzibwa na mboga nyingi zenye nyuzi. Wala msidhani managu inachukua nafasi ya kemo. Amalize dozi zake zote.

SWALI

Mama Mwalimu, mume wangu ni mvuvi hapa Dunga, ana miaka 48. Tangu masika anaona damu kwenye choo. Kwanza alipewa dawa ya kichocho, damu ikapungua, kisha ikarudi. Akapewa dawa ya bawasiri. Sasa anachoka haraka hata kuvuta nyavu ni shida, na weupe umemtokea machoni, wakasema malaria imemmaliza damu. Nimesikia kuna kipimo cha damu cha mitokondria kinachoonyesha saratani ya utumbo. Kinafanywa wapi Kisumu? Anaona aibu sana kuingizwa kamera.

Mke wa Mvuvi, Dunga

JIBU

Dada yangu, acha kutafuta kipimo hicho. DNA ya mitokondria inayoelea kwenye damu inachunguzwa na watafiti, lakini hakuna kipimo chake ambacho madaktari hukitumia kusema mtu ana saratani ya utumbo au hana. Ukiuziwa chochote kwa jina hilo, umeuziwa karatasi.

Waliompa dawa ya kichocho hawakukosea kuanza hapo. Kichocho cha ziwa letu hukaa kwenye mishipa ya utumbo, na mvuvi anayetoa damu chooni ni lazima kiwaziwe. Tatizo ni kilichofuata. Damu ikirudi baada ya dawa, jina jipya la ugonjwa halitoshi, utumbo unapaswa kutazamwa. Bawasiri ni kitu cha kuonwa kwa macho na kuguswa kwa kidole cha daktari, na kama hakuna aliyemtazama, basi hiyo ilikuwa kubahatisha. Malaria nayo hupimwa. Mwanamume wa miaka 48 aliyepungukiwa damu, na damu hiyo anaiona ikitoka, hapaswi kupewa vidonge vya madini ya chuma na kurudishwa nyumbani. Damu inapungua kwa sababu inatoka mahali, na mahali hapo patafutwe wiki hii.

Usipoteze muda pia na kile kipimo cha choo cha kutafuta damu iliyojificha. Hicho ni kizuri kwa mtu asiye na dalili yoyote. Kwa mume wako damu haijajificha.

Nendeni kliniki ya upasuaji ya hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia, mkiwa na barua ya zahanati. Mnapofika, semeni maneno matatu kwa mpangilio huu: damu kwenye choo iliyorudi baada ya dawa ya kichocho, uchovu na upungufu wa damu, na umri wake. Kama amekonda, au choo kimebadilika kikawa chembamba au cha mara kwa mara, ongezeni hapo. Kama kuna mtu wa kwao aliyewahi kuugua utumbo au mji wa mimba, mtajeni, awe wa upande wa baba au wa mama.

Kuhusu aibu, mwambie ukweli wa jinsi inavyokwenda. Siku moja kabla atakunywa vinywaji vyepesi na dawa ya kusafisha tumbo, na hiyo kusema kweli ndiyo sehemu inayochosha. Kwenye kipimo chenyewe hulala ubavu, hufunikwa shuka, na kwa kawaida hupewa dawa ya kumlegeza hadi asinzie. Anaweza kuomba ahudumiwe na wanaume. Asiende peke yake, kwa sababu hatakiwi kuendesha pikipiki wala kushika chombo majini siku hiyo. Wakikuta kinyama kidogo ambacho bado hakijawa saratani, mara nyingi hukitoa papo hapo, na safari yake ya kuwa saratani inaishia pale. Hilo kipimo cha damu hakiwezi.

Na wakikata kipande cha kupeleka maabara, hapo nakuomba uwe macho, maana ndipo nilipoona wagonjwa wakipoteza miezi. Kipande kitumbukizwe katika formalini palepale, kisitiwe katika maji ya kawaida wala ya chumvi, na formalini iwe kiasi cha mara 10 ya ukubwa wa nyama. Chupa yenyewe iandikwe jina na tarehe, kifuniko peke yake hakitoshi kwa sababu vifuniko hubadilishana. Uliza ripoti itatoka siku gani na utaichukua kwa nani. Siku hiyo ikipita, rudi uulize tena, hata kama ulishajibiwa kwa ukali. Nilikaa upande ule wa dirisha muda mrefu, na najua kwamba ripoti inayoulizwa hutafutwa.